Wapi Panauma

Juzi juzi hapa Mikumi, kwenye mgahawa wangu wa barabarani, mtalii mmoja mwanamke aliingia hadi jikoni kutaka kuona chapati zinavyogeuzwa. Wageni wanaopita kwenda mbugani wana tabia hiyo, na mimi huwa nawaacha waingie, wapige picha zao, waende. Huyu akashika kikaango kwa mkono mtupu. Alipiga yowe, akaukumbatia mkono kifuani, akawa anarudia maneno mawili tu: me duele, me duele. Msaidizi wangu alikimbilia ndoo ya maji. Mimi nilibaki nimesimama na mwiko, chapati inaungua mbele yangu. Kijana anayewatembeza wageni akaniambia, "Mama, anasema anaumia." Nikamjibu kwamba najua anachosema. Akaniuliza Kihispania nimejifunzia wapi. Nikamwambia kijijini Rudewa. Akacheka mpaka akashika meza, akidhani namtania.

Sikuwa namtania. Neno hilo nilijifunzia Rudewa, nikiwa bado kibogoyo wa meno ya mbele, mwaka aliokufa mama yangu. Nimekaa nalo miaka yote bila kulitamka, kwa sababu kila likinijia linakuja na harufu ya spiriti na pazia la kijani, na mimi nina mgahawa wa kuendesha, sina muda wa kulia juu ya masufuria. Lakini tangu siku ile usingizi umenikataa, basi acha niliseme lote. Wenzangu mliokulia kwenye mwanga wa koroboi mnajua tulivyolelewa: mtoto haulizi, mtoto anatumwa. Wengine mlitumwa maji, wengine mlitumwa kuni. Mimi nilitumwa maneno.

Sisi ni Wasukuma. Baba alihamia Rudewa akifuata malisho ya ng'ombe wake, akamleta na baba yake mzazi, kwa kuwa bibi alishafariki na mzee hakuwa na wa kumpikia. Sasa babu na ng'ombe walikuwa hawapatani. Utotoni alikuwa seminari, akapigwa viboko vya Kilatini mpaka kikamwingia, halafu akatoka kabla ya kuwa padri. Sababu ya kutoka ilibadilika kila alipoisimulia. Baadaye alipika miaka mingi kwenye nyumba ya mapadri wa kigeni, na wote walipita mezani kwake, Mwitaliano, Mhispania, Mreno, Mfaransa, akawa anasikiliza wanavyoombana chumvi. Pale kijijini vijana walimwita Padri Nusu. Alikasirika, lakini koti lake jeusi hakulivua hata jua likiwa la kupasua mawe.

Mchana, tukipukuchua mahindi, aliniita kwa utani wa babu na mjukuu. "Njoo hapa, mke wangu, nikupe mali ambayo wezi hawaiibi." Alichukua bunzi kubwa akaliweka katikati ya mkeka. "Huyu ndiye bibi yao wote, Kilatini. Yeye maumivu anayaita dolere. Sasa tazama wajukuu." Akapanga mabunzi madogo mstari mmoja, akiyagusa moja moja. "Mwitaliano, duole. Mhispania, duele. Mreno huyu mvivu, katikati amemeza, anasema dói. Kuna na Mromania, huyo sijawahi kumpikia, ila padri mmoja aliniambia kwao ni doare. Unasikia sura ya bibi inavyojirudia?" Niliisikia. Nilizitamka zote mpaka ulimi ukachoka, na nikikosea alininyang'anya bunzi moja kutoka kwenye fungu langu, kwa hiyo nilijitahidi sana.

Mwisho wa mstari kulikuwa na bunzi lililoliwa na funza, punje zake za kuhesabu. "Huyu Mfaransa," babu akasema, akilitikisa kwa masikitiko kabisa. "Neno la bibi yake amelipoteza. Kabakiwa na vipande tu, kimoja deuil, na hicho maana yake ni msiba."

"Alilipotezaje, babu?"

"Hakulitumia."

"Sasa akiumwa anasemaje?"

"Anasema ana ubaya. Ana ubaya wa kichwa, ana ubaya wa tumbo. Anahangaika tu."

Nilimhurumia Mfaransa. Niliona ni jambo la kutisha, mtu mzima kuumwa halafu neno lake halipo. Usiku ule nilimwombea kwenye sala zangu, mama akanisikia akacheka, mojawapo ya mara za mwisho ninazokumbuka akicheka kwa sauti.

Lazima niwaeleze jinsi mama na babu walivyoishi, la sivyo hamtanielewa. Kwetu mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Familia nyingine za Kisukuma pale Rudewa zilikuwa zimeanza kulegeza, mkamwana anaongea na mkwe wake kama kawaida, lakini kwetu babu aliikaza, na mama aliikaza kumzidi. Hakupita mbele yake. Hakukalia kiti chake, hakuingia nyumbani kwake, hakumtazama usoni. Asubuhi alipiga magoti kwa mbali, akasema, "Shikamoo baba," naye akajibu, "Marahaba," akitazama zizi. Baada ya hapo, kila kitu kilipita kwangu.

Mama alikuwa jikoni, babu amekaa kivulini hapo hapo uani, mbwa angeweza kulala katikati yao akawagusa wote wawili. Mama alisema, "Kabula, mwambie babu uji umeiva." Nilitembea mpaka kwa babu. "Babu, mama anasema uji umeiva." Naye akasema, "Mwambie nimesikia." Nilirudi. "Mama, babu anasema amesikia." Siku moja nilizama kwenye mchezo wa rede na watoto wa jirani, nikarudi nikakuta uji umepoa na kuota utando, na wote wawili wamekaa kimya wananingoja.

Kwa akili yangu ya kibogoyo, niliamini kwamba hawasikiani. Nilidhani mwanamke akiolewa, masikio ya baba mkwe yanaziba kwa sauti yake tu, na ya kwake yanaziba kwa sauti ya mkwe, na kwamba ni ugonjwa wa watu wazima kama kuota mvi. Kwa hiyo nilijiona mtu muhimu kupita kiasi. Babu alikuwa mkalimani wa sista, mimi nilikuwa mkalimani wa nyumbani, na bila sisi wawili dunia ingekaa bubu.

Kwa sababu wakati huo babu alikuwa ameshapata kazi ya heshima. Zahanati ya misheni ilimpokea sista daktari kutoka Hispania, mama mwembamba mwenye viatu vya wanaume, Kiswahili chake kikiwa karibu, pole na asante. Nesi wa pale, Msagara mmoja mchangamfu, aliwasiliana naye kwa Kiingereza cha kuokoteza. Siku moja babu alikwenda kutibiwa goti, akamwambia sista panapouma kwa Kihispania chake kilichovaa Kilatini, na sista, nimesimuliwa, akamkumbatia. Tangu hapo babu alikuwa na kigoda chake kwenye chumba cha daktari. Nesi alibaki na kina mama na mambo yao, babu akawa na wengine wote. Hakuna aliyemwita tena Padri Nusu. Jioni alirudi akitembea katikati ya njia.

Mama alianza kuumwa baba akiwa na ng'ombe mbugani Mkata, ambako majani yalikuwa bado yapo. Nilimwona akiacha mchi ndani ya kinu, akashika nguzo ya nyumba, akasimama hapo amefumba macho, halafu akaendelea kutwanga. Kisha akawa anashika nguzo mara nyingi. Uso wake ukapoteza rangi. Jirani yetu Mama Tatu, Mkaguru aliyekuwa na mdomo usio na breki, alimwambia, "Mama Kabula, hiyo siyo ya kukaa nayo nyumbani. Nenda kwa nesi kesho." Mama akasema ataenda. Alikuwa na jambo la kumwambia nesi, hilo hata mimi nililiona, kwa jinsi alivyoninyamazisha nilipotaka kwenda kumweleza babu kwamba mama anaumwa. "Hili siyo la babu," aliniambia.

Tulipofika zahanati, nesi hakuwepo. Alikuwa ameitwa Morogoro kwenye semina. Mama akasimama pale mlangoni, akageuka kabisa kutaka kurudi, na babu, aliyetangulia asubuhi, alimwona kupitia dirishani. Akatoka, akasimama ubavu ubavu, macho kwenye paa. "Kabula, mwambie mama yako asirudi. Leo anatibiwa. Sista yupo na mimi nipo."

"Mama, babu anasema usirudi."

Mama akatazama benchi la wagonjwa. Watu waliokuwa kwenye benchi wote walikuwa wanajua yule ni mkwe wake, na kukataa mbele yao kungekuwa kumwaibisha. Akaingia.

Chumbani kulikuwa na kitanda kirefu na pazia la kijani mbele yake. Mama alilala ndani ya pazia. Babu alikivuta kigoda, akakaa ameupa ukuta uso. Mimi niliwekwa kwenye mpindo wa pazia, upande mmoja namwona mama, upande mwingine namwona babu kisogo. Mnaweza kucheka leo mkiiona picha hiyo. Mimi siku ile nilikuwa na raha, nawaambia kweli, kwa sababu kazi zetu mbili zilikuwa zimekutana mahali pamoja.

Sista akauliza, "¿Dónde le duele?" na mimi nililitambua neno mara moja, yule mjukuu wa pili, likanipanda kichwani kwa furaha. Babu akasema, "Muulize mama yako, wapi panauma."

"Mama, babu anauliza wapi panauma."

Mama aliweka kiganja chini ya kitovu, chini kabisa. Akatazama pazia. Nyuma ya pazia palikuwa na koti jeusi la baba yake mkwe. Kiganja kikaondoka pale, kikazunguka taratibu hadi mgongoni. "Mwambie babu ni kiuno," akasema.

Nikasema ni kiuno. Babu akasema la cintura. Sista akaja akambonyeza kiuno, halafu akambonyeza na tumbo, kwa sababu hakuwa mjinga. Alipofika pale pa kwanza mama alijaza pindo la khanga mdomoni. "¿Duele?" sista akamuuliza mwenyewe, macho kwa macho. Mama akatikisa kichwa kukataa. Mwanamke hagunii maumivu ya tumbo la uzazi mbele ya mkwe. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, bila sauti.

Sista hakuridhika. Aligeukia upande wa pazia, akauliza swali jingine, fupi. Nikajiandaa kulipokea. Babu hakunipa. Nilikiona kisogo chake kimetulia, shingo imekakamaa ndani ya kola. Sista akalirudia swali. Babu akajibu mwenyewe, "No," kisha akakohoa. Nilingoja nione kama kuna cha kubeba, hakukuwa na kitu. Nikaona babu amenipunguzia kazi, kwamba hilo labda jibu lake alikuwa analijua.

Sista alitoa vidonge vya maumivu kwenye kikaratasi. Akasema mama asibebe maji, na arudi wiki inayofuata nesi akiwepo. Njiani babu alitangulia, mama akafuata kwa mbali, mimi nikikimbia katikati. "Umeona, mke wangu?" babu aliniambia. "Neno limefanya kazi." Lakini hakutabasamu, na jioni hakutaka kula.

Wiki hiyo haikuisha. Mama alianguka mchana, kando ya mafiga, na ugali ukiwa nusu. Nilipiga kelele, Mama Tatu akaja akikimbia, akampakata, akaita watu lakini wanaume wengi walikuwa mashambani na wengine malishoni na baba. Babu alifunga ng'ombe wawili waliobaki zizini kwenye mkokoteni kwa mikono yake, yeye ambaye ng'ombe hakuwataka. Tulikuwa tunakwenda Kimamba, ambako lingepatikana gari la kumfikisha hospitali Kilosa mjini. Mama Tatu alikaa nyuma ameweka kichwa cha mama kwenye mapaja, mimi pembeni. Babu alishika kamba, akatembea mbele ya ng'ombe, na hakugeuka hata mara moja, kwa sababu mkamwana wake alikuwa amelala.

Njia ilipita kwenye mkonge wa zamani, mistari imeshavurugika, vichaka vimeota katikati. Mkokoteni uliturusha kwenye kila shimo. Mama Tatu aliifunua khanga kidogo, akairudisha haraka. Sauti yake ilibadilika. "Mama Kabula. Hii damu ni ya tangu lini?"

"Tangu mwezi uandame," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na mwezi uliopita uliziona siku zako?"

"Hapana."

"Mungu wangu. Ulimwambia sista?"

Mama alitazama mbele, kwenye mgongo wa babu. Kamba ilikuwa imelegea mkononi mwa babu na ng'ombe walikuwa wamesimama, kwa hiyo najua alisikia. Mama Tatu akapaza sauti bila adabu yoyote, "Mzee, twende, huyu anatuponyoka." Babu akavuta kamba kwa nguvu, akaanza kukimbia, mzee yule na koti lake, akiwapiga ng'ombe kwa kiganja.

Sijui tulikwenda umbali gani. Mkono wa mama ulikuwa kwenye goti langu, na vidole vyake vilikuwa vinanibana kila tulipoingia shimoni. Halafu tuliingia shimo kubwa na havikubana. Mama Tatu akainamisha sikio kifuani kwake, akakaa hivyo. Akamfumba macho kwa kiganja. Mimi nikamuuliza kuna nini. Alinitazama, akahamishia kichwa cha mama kwenye mapaja yangu, akasema, "Mama amelala. Mshikilie vizuri asianguke. Naenda kutafuta watu pale kwenye nyumba za kambi ya mkonge." Akashuka. Alipompita babu alimwambia kitu kwa sauti ya chini, akaendelea kukimbia.

Babu alivua kofia. Akabaki amesimama barabarani, ametupa mgongo, ng'ombe wanahema pembeni yake. Nilikuwa na furaha kwamba mama amepata usingizi, maana siku zile hakuwa analala. Nilimfukuzia nzi. Jua lilikuwa kali, nikamfunika uso nusu kwa khanga ili apate kivuli na bado avute hewa.

"Kabula," babu akaita. Hakugeuka.

"Abee, babu."

"Mwambie mama yako." Nilingoja, kwa kuwa nilishazoea kungoja maneno yaive. "Mwambie, siku ile sista aliuliza kama anatokwa na damu. Aliuliza mara mbili. Mwambie nilielewa. Nilishindwa kulitamka neno hilo kwa mke wa mwanangu, nikamjibia hapana."

Ulikuwa ujumbe mrefu kuliko wote niliowahi kupewa. Nikaurudia kichwani nisipoteze kitu. Kisha nikainama, nikaiondoa khanga sikioni kwake, nikamwambia yote, kwa mpangilio ule ule, sista, damu, mara mbili, hapana.

"Anasemaje?" babu akauliza.

Nilimtazama mama. Nikamwambia babu asubiri kidogo, bado hajajibu.